Jina lako na nyongeza ya mshahara: ya kujua kabla hujaandika barua

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ajira siku hizi yanafanana. Mfanyakazi amejijengea jina: anaandika mambo ya taaluma yake mtandaoni, anaalikwa kwenye makongamano, wafuasi wanaongezeka. Anaomba nyongeza, ananyimwa, kisha anatujia akidai mwajiri hathamini chapa yake, yaani hilo jina alilojijengea.

Tuelewane. Mwajiri halipii wafuasi, labda kama umeajiriwa kuwatafuta. Hulipia kile ambacho jina lako linaingiza au linaokoa: mteja aliyekuja akikuulizia wewe, zabuni iliyopatikana wasifu wako ukiwa ndani yake, wenzako waliopunguza makosa baada ya kufundishwa nawe. Hayo yanaandikika na yanahesabika. Picha yako ukiwa jukwaani haihesabiki, hata ikipendwa na watu elfu.

Kuhusu utaratibu, ombi huwa la maandishi na hupitia kwa msimamizi wako wa karibu, kisha idara ya rasilimali watu, ndipo limfikie mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Ukiruka ngazi, mara nyingi barua hurudishwa kwa msimamizi yuleyule uliyemruka ili atoe maoni, naye ameshaudhika. Taja cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara wa sasa, unaoomba na sababu. Ambatisha tathmini za utendaji na ushahidi wa matokeo, si vyeti vya kushiriki semina. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au baruapepe yenye tarehe. Wasilisha kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa. Na kama umefika kilele cha daraja lako la mshahara, sifa hazitakuvusha. Hapo omba kupandishwa cheo, ambalo ni ombi jingine.

Wapo wanaokuja na Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo wa mwaka 1951 unahusu malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Umaarufu haumo. Ukihisi unabaguliwa kwa jinsia, hiyo ni hoja nzito yenye njia yake; usiichanganye na idadi ya wafuasi.

Sasa adhabu, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Kuchapisha takwimu za mauzo, majina ya wateja au nembo ya mwajiri bila idhini, au kufanya kazi za ushauri nje bila kutoa taarifa, kunaweza kukuletea barua ya kujieleza, onyo la maandishi, kikao cha nidhamu na hata kuachishwa kazi. Baadhi ya mikataba humruhusu mwajiri kudai fidia hata baada ya wewe kuondoka. Ushahidi ulioambatanisha mwenyewe kwenye ombi la nyongeza unaweza kutumika kukufungulia shauri hilo. Soma mkataba wako na sera ya mitandao ya kijamii kwanza.

Usitishie kuacha kazi kama huna barua ya ajira nyingine mkononi.

Ombi likikubaliwa, dai marekebisho ya mkataba kwa maandishi, yakionyesha kiwango kipya na tarehe ya kuanza. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na tarehe ya kulipitia upya. Ukija kwetu, njoo na majibu hayo. Bila hayo tutakurudisha ukayatafute.