Siki ya mnazi: mtungi wa kwanza uuache siku ngapi?

Tembo la mnazi likiachwa wazi hugeuka siki, na nyumba nyingi za Malindi na Lamu huitaka siki hiyo kwa achari na kachumbari. Maswali haya ni ya mtu anayeweka mtungi wake wa kwanza.

Swali: Ni siku ngapi hasa?

Kwa joto la Malindi, hesabu wiki 4 hadi 8. Ukiwa na siki mbichi ya kuanzishia, wiki 2 hadi 4 huweza kutosha. Lakini usitegue mtungi kwa sababu kalenda imefika.

Ndani ya mtungi mna kazi mbili. Kwanza hamira ya asili inakula sukari ya utomvu na kutoa pombe. Hapo tembo hutoa povu siku 3 hadi 5, kisha hutulia. Baadaye bakteria wa siki wanageuza ile pombe kuwa asidi, na hao hawafanyi kazi bila hewa. Kazi hii ya pili ni ndefu, nayo ndiyo huwadanganya wengi: siku ya kumi harufu inachoma pua, ulimi unasema tayari, na kumbe pombe nyingi bado imo. Pua haipimi asidi.

Swali: Nianzeje?

Nunua lita 4 za tembo lililogemwa asubuhi hiyohiyo, kwa mgema unayemjua. Lichuje kwa kitambaa safi ili nyuki na vipande vya kuti vitoke. Litie kwenye chombo cha kioo, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, chenye mdomo mpana, na usijaze zaidi ya theluthi mbili. Sufuria ya alumini, shaba na bati hazifai, kwa sababu asidi huzila na madini yake huingia kwenye siki. Dumu lililowahi kubeba rangi au dawa ya shamba usilitumie hata ukiliosha mara kumi.

Funika kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, ukifunge kwa mpira. Kitambaa chepesi mno hupitisha vinzi vya matunda, na vikishataga ndani utakuta funza. Kifuniko cha kukaza nacho ni hatari: siku za povu gesi hujaa, na chupa ya kioo inaweza kupasuka na kumkata mtu.

Povu likiisha, mimina polepole kwenye chombo kingine na uache machicha chini. Kama una lita 1 ya siki mbichi isiyopashwa moto, iongeze sasa. Siki ya dukani kwa kawaida haisaidii hapa, haina bakteria hai. Weka chombo kivulini, mbali na moshi wa jiko, na usikitikise.

Swali: Wiki ya nane imepita na siki bado dhaifu. Nimekosea wapi?

Mara nyingi kosa lilikuwepo tangu siku ya kununua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa siki methali hiyo ni hesabu kamili. Kila asilimia 1 ya pombe hutoa takribani asilimia 1 ya asidi, na kidogo hupotea njiani. Tembo lenye pombe ya asilimia 6 litakupa siki ya karibu asilimia 5. Likichanganywa nusu kwa nusu na maji halitafika hata 3, uliache mwaka mzima.

Kosa jingine ni kukawia. Pombe ikiisha na chombo kikaendelea kukaa wazi, bakteria walewale huanza kula asidi yenyewe, na siki iliyokuwa kali hurudi nyuma.

Swali: Basi nitapimaje?

Pima kwa kulinganisha na siki ya dukani ambayo lebo yake inasema asilimia 5. Chemsha majani machache ya kabichi ya zambarau, upate maji ya rangi. Koroga kijiko 1 cha chai cha bekingi soda (si bekingi pauda) katika mililita 250 za maji.

Kwa sirinji safi isiyo na sindano, tia mililita 5 za siki ya dukani kwenye glasi pamoja na kijiko cha maji ya kabichi, yatakuwa mekundu. Ongeza maji ya soda kidogokidogo, ukikoroga, mpaka wekundu uishe kabisa na rangi iwe zambarau ya kuelekea buluu. Andika umetumia mililita ngapi. Rudia kwa siki yako, uikomeshe kwenye rangi ileile. Kama ya duka ilitaka 18 na yako 14, gawanya 14 kwa 18, zidisha kwa 5: yako ni karibu asilimia 3.9.

Anza kupima wiki ya tatu, kisha kila wiki. Vipimo viwili vikifuatana bila kupanda, kazi imekwisha. Chuja, pasha moto hadi nyuzi 70 kwa dakika 10 kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ujaze chupa hadi shingoni na kufunga.

Swali: Kuna utando juu. Nimwage?

Utando laini unaoteleza kama nyama ya dafu ndio mama wa siki, uache. Ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya buluu, hiyo ni kuvu, na mtungi wote umwagwe. Kuondoa juu hakutoshi.

Swali: Naweza kuitumia kwa achari ya kuweka kabatini?

Ikiwa tu kipimo chako kimelingana na siki ya duka au kimeipita. Hapa tunasisitiza. Pilipili, karoti na kitunguu saumu ndani ya chupa iliyofungwa, bila asidi ya kutosha, huweza kuotesha bakteria wa botulizimu. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida, na sumu yake huweza kuwepo bila harufu wala ladha mbaya. Siki dhaifu itumie kwenye kachumbari ya kuliwa siku hiyo.

Mtu aliyekula achari akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea au kushindwa kumeza, akimbizwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye.

Swali: Pombe hubaki?

Kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1 kazi ikikamilika. Hukumu yake kidini muulize shehe wako. Sisi tunaweza kukupa kipimo tu. Na kama tembo lilitiwa spiriti ya viwandani, usitegemee kuligeuza siki kuondoe sumu. Limwage.

Swali: Nyanya yangu ana ugonjwa wa sukari, anataka kunywa kijiko kila asubuhi.

Asiinywe kavu: huchubua koo na kula meno. Kwenye chakula haina neno. Asipunguze wala kuacha dawa zake kwa ajili ya siki, na kama anatumia insulini au dawa za kuongeza mkojo, aulize kwanza kliniki anakohudhuria, kwa sababu siki nyingi ya kila siku huweza kushusha potasiamu mwilini. Mwenye vidonda vya tumbo aipishe kabisa.