Ukiandika "imekopiwa" bado hujamtaja mwenye kazi

Kwenye magrupu kila siku inapita posti ndefu, nzuri, inaeleza kwa mfano cha kufanya mtoto akipandisha homa usiku, alafu chini kabisa kuna neno moja tu: "imekopiwa". Aliyeirusha anaona kashamaliza, si kasema sio yake? Ila hajasema ni ya nani, na hapo ndo penye shida, maana msomaji hajui kama aliyeandika ni daktari au ni mtu tu kajisikia kuandika, hana pa kuuliza swali, na mwandishi akigundua kosa akalirekebisha kwake zile nakala zisizo na jina zinaendelea kutembea na kosa lilelile. Mimi nafanya kazi kwenye masuala ya hakimiliki na hili linaniuma kuliko hata suala la pesa.

Jibu tunalopewa sana ni "si kipo mtandaoni bure?" Bure ni kusoma jamani. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, unalinda kazi tangu inapotungwa, haihitaji kusajiliwa wala kuwekewa alama yoyote, na kwa kazi nyingi ulinzi unaenda angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Mwaka 1928 kikaongezwa kifungu ambacho mi nakipenda sana, kwamba hata mtunzi akishauza haki zake za kibiashara, haki ya kutambulika kuwa ndo aliyetunga inabaki kwake.

Watu wanachanganya makosa mawili. Ukichukua shairi la Shakespeare ukaweka jina lako, hakimiliki hujavunja kwasababu muda wake uliisha zamani, ila umeiba utunzi na umedanganya wasomaji. Na ukipandisha kitabu kizima cha mwandishi aliye hai, jina lake ukaliacha hapohapo juu, utunzi hujaiba lakini hakimiliki umevunja, kumtaja mtu hakuchukui nafasi ya ruhusa yake. Wazo lenyewe halilindwi na hakimiliki, kinacholindwa ni namna lilivyoelezwa, ila kama wazo umelitoa kwa mtu, mtaje, unapungukiwa nini?

Wizi unaowapata hata watu waaminifu ni huu wa kubadilisha maneno. Mtu anafungua makala upande mmoja, anaandika upande wa pili, "muhimu" inakuwa "ya lazima", sentensi inageuzwa kichwa chini, ila mpangilio wa hoja ni uleule, mifano ileile, hitimisho lilelile, alafu anaamini kabisa kaandika mwenyewe. Dawa yake inachosha kidogo lakini inafanya kazi: soma mpaka uelewe, funga kabisa hiyo makala, andika kwa kichwa chako kama unamweleza mtu, ndo urudi kuhakiki usahihi, na bado uweke linki. Ukishindwa kuandika bila kuchungulia basi hujaelewa bado, nukuu maneno yake ndani ya alama za nukuu, mambo yaishe.

Picha nazo, kukrop ili jina la mpiga picha lisionekane ni kuficha kwa makusudi, hilo halina utetezi.

Kuna kazi ambazo mwenyewe kashatoa ruhusa mapema, kwa mfano zenye leseni za Creative Commons zilizoanza 2002. Zikiandikwa BY ujue lazima umtaje, NC usifanyie biashara, ND usisambaze ukiwa umeibadilisha. Maandishi ya Wikipedia yako humu pia, kwaiyo hata hayo huwezi kuyabeba kimyakimya.

Ukihisi kitu kimeibiwa, chagua sentensi moja yenye maneno yasiyo ya kawaida uitafute ikiwa ndani ya alama za nukuu, na picha itafute kwa kuipandisha yenyewe kwenye tovuti ya kutafuta picha, TinEye inafanya hivyo tangu 2008. Ila usimtangaze mtu mwizi kwa kuona tu mwingine aliposti mapema zaidi au ana likes nyingi, saa ingine wote wawili wamekopi kwa mtu wa tatu! Na programu za kusema "hii kaandika AI" msizifanye hakimu, OpenAI wenyewe, wanaotengeneza ChatGPT, waliondoa ya kwao Julai 2023 kwasababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Admini, anza kwa meseji ya pembeni, wengi wakiambiwa kwa heshima wanaongeza jina siku hiyohiyo. Kama ni kazi yako na mtu kagoma, piga skrinshoti yenye tarehe, tunza linki pamoja na faili lako la mwanzo kabisa, alafu jaza fomu ya hakimiliki ya mtandao husika, ile mikubwa ya Marekani inaongozwa na sheria yao ya hakimiliki ya mtandaoni, DMCA ya 1998, na huwa wanaondoa. Usijaze kwa hasira, maana unatamka kisheria kwamba kazi ni yako, na mwenzako ana haki ya kupinga.

Na ukipokea kitu kizuri ambacho mwenyewe humjui, andika hivi: "Mwandishi simjui, nimeipata grupu fulani, anayemfahamu aniambie niweke jina." Akitokea, rudi uedit.