Maabara mbili, namba mbili, na hakuna aliyepika majibu

Tangu enzi za UVIKO-19, kuanzia vijiwe vya Kariakoo hadi daladala za Mbagala, utasikia: "Maabara mbili zikitofautiana, moja imedanganya." Si lazima iwe hivyo.

Kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta virusi vya UVIKO-19, hakihesabu virusi kimoja kimoja. Mashine huzidisha vipande vya vinasaba, takribani mara mbili kila mzunguko, hadi vionekane. Idadi ya mizunguko iliyohitajika ndiyo namba ya Ct. Ikiwa ndogo, virusi vilikuwa vingi. Ikiwa kubwa, vilikuwa vichache. Pengo la mizunguko mitatu na kitu ni kama mara kumi.

Sasa gawa sampuli moja, nusu ipimwe Upanga, nusu Mabibo. Huku inaweza kutoka 24, kule 27, na wote wamefanya kazi kwa uaminifu. Mashine si moja, vitendanishi (kemikali za kupimia) si vimoja, hata jeni inayotafutwa huenda si ile ile. Ni kama mchele wa kopo: kopo la muuzaji huyu si la yule, ingawa mchele umetoka gunia moja.

Dawa ya tofauti hizi ni kigezo kimoja ambacho maabara zote zinajilinganisha nacho. Desemba 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha kiwango rejea cha kimataifa, yaani sampuli ya kulinganishia, cha RNA (vinasaba) ya virusi vya UVIKO-19. Maabara ikijilinganisha nacho, inaweza kuandika majibu kwa yuniti za kimataifa kwa mililita. Kwangu mimi, hili lilistahili kusisitizwa mapema zaidi, kwani Ct tupu kwenye karatasi imewatisha wagonjwa wengi bila sababu.