Bhuj: ngome yake ilianguka Machi 1819, barua ya mfalme wake ikafika hadi Unguja

Nikimwambia mtu nafanya utafiti wa Kutch, kule Gujarat magharibi ya India, swali la kwanza huwa ni ngome, maana ukitafuta Bhuj, mji wake mkuu, kwenye simu picha inayokuja ni ileile, kilima cha Bhujia na ukuta unaopanda na kushuka mgongoni mwake kama nyoka. Ngome nzuri, sikatai. Ila kama unataka kujua dola ndogo vile, iliyozungukwa na wakubwa, ilidumu vipi miaka karibu mia nne, kilima kitakupoteza. Nguvu ya Bhuj ilikuwa Mandvi, bandarini, kama kilomita 60 kusini, na mkono wa wafalme wake ulikuwa mrefu kuliko mzinga wowote uliowekwa pale juu, ulifika mpaka forodha ya Unguja, na hapo ndipo mimi nilipoingilia hii kazi, kwa upande wa makaratasi ya Unguja, sio kwa mlango wa ngome.

Kwanza ardhi yenyewe. Kutch ni karibu kisiwa. Kaskazini na mashariki kuna Rann, uwanda wa chumvi ambao msimu wa mvua unajaa maji na kiangazi unakuwa mweupe mpaka macho yanauma, kusini ni ghuba, magharibi bahari. Mvua ya kubahatisha. Mfalme anayetegemea kodi ya mashamba tu huku atalala njaa pamoja na watu wake. Watawala walikuwa Warajput, jamii ya Kihindu ya wapiganaji, wa ukoo wa Jadeja waliotokea Sindh (leo Pakistan), mfalme wao anaitwa Rao. Rao Hamirji alianzisha mji wa Bhuj 1510, Rao Khengarji I akaufanya makao makuu 1549, na huyohuyo Khengarji ndiye anayehesabiwa mwanzilishi wa Mandvi, mwaka 1580 hivi. Yaani mji wa bara na mji wa bandari vimetoka kwa mtu mmoja, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Sasa kitu ambacho watalii wengi hawaambiwi ni kwamba kwa karibu miaka 200 kile kilima hakikuwa na ngome yoyote. Mji upo, mfalme yupo, kilima kipo kitupu. Kwa nini? Mwaka 1617 Rao Bharmal I alienda kuonana na Jahangir, mfalme mkuu wa Wamughal, akarudi na msamaha wa kutolipa kodi ya utiifu, kwa sharti kwamba Kutch iwavushe bure mahujaji wanaokwenda Makka. Jahazi za Mandvi ndizo zilizokuwa boma. Ukishakuwa na dili kama hilo na mkubwa wa India nzima, ukuta wa nini tena?

Dili likaharibika karne iliyofuata. Wamughal wakadhoofika, magavana wao wa Gujarat wakawa wanasaka hela kila pembe na msamaha wa babu wa zamani hawautambui, ndipo Rao Godji I akaanza kujenga Bhujia kama mwaka 1715 na mwanawe Deshalji I akamalizia. Kilima chenyewe si kirefu, mita 160 hivi, ukuta umefuata ukingo wake na minara, na pale juu kuna hekalu la Bhujang, nyoka ambaye wenyeji wanasema ndiye mwenye kilima na ndiye aliyeupa mji jina. Gavana Sher Buland Khan alipokuja na jeshi lake enzi za Deshalji, masimulizi ya mji yanasema watu wa Kutch walishaelemewa hadi likatokea kundi la Naga, wale watawa wa Kihindu wanaokaa uchi na kubeba silaha, wakapanda kwa kusema wanaenda kumwabudu nyoka, wakaingia vitani na kibao kikageuka. Mpaka leo sikukuu ya Nag Panchami ikifika, mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, watu wanapanda kilimani na kuna gulio na shamrashamra. Habari ya watawa mimi naipokea kwa tahadhari kidogo, masimulizi ya ushindi huwa yananenepa, lakini gavana aliondoka bila alichokifuata, hilo halina ubishi.

Basi, hiyo ndiyo siku kubwa ya ngome. Baada ya hapo pesa na akili za Bhuj zinaonekana bondeni, ndani ya Darbargadh, jumba la wafalme. Rao Lakhpatji, mtoto wa Deshalji, alimfungia baba yake ndani 1741 akachukua kiti, kijana wa starehe na ushairi, mwaka 1749 akafungua Bhuj shule ya kufundisha ushairi wa lugha ya Braj ambayo ilidumu vizazi. Halafu akamwajiri Ramsingh Malam. Huyu ndiye ninayempenda kuliko Marao wote: baharia kutoka Okha, pwani ya Gujarat, inasimuliwa chombo chake kilizama akaokolewa na meli ya Waholanzi, akapelekwa Uholanzi akakaa huko miaka akijifunza kazi za vioo, vigae, saa na uyeyushaji wa chuma. Aliporudi akamjengea Lakhpatji Aina Mahal, jumba la vioo, kuta za marumaru zimepachikwa vioo vyenye fremu za dhahabu, sakafuni vigae vya bluu na nyeupe vya kufuata mtindo wa Kiholanzi, na chumba kimoja kina jukwaa lililozungukwa na maji ya chemchemi ambapo Rao alikaa kupoza joto akisikiliza muziki. Katikati ya karne ya 18 hiyo, kwenye nchi ya ukame. Ukitaka kujua bahari ilileta nini Bhuj ingia humo, usiende kilimani.

Mwisho wa karne mambo yakavurugika. Rao Rayadhan II alipungukiwa na akili akawa anatisha watu mitaani, wakubwa wa ukoo wakamwondoa 1786, na madaraka yakaangukia kwa jemadari wake, Fateh Muhammad, mwanajeshi aliyepanda kutoka chini kabisa akaitawala nchi kwa vipindi hadi kifo chake 1813. Waingereza wakati huo washakaa Bombay wanaangalia. Desemba 1815 wakaleta jeshi, wakachukua mji wa Anjar, na 1816 wakaweka mkataba na mwakilishi wao, Kapteni James MacMurdo. Rao Bharmalji II hakutulia, basi Machi 1819 likaja jeshi la Kampuni ya East India chini ya Sir William Keir, askari wakapanda ukuta wa Bhujia kwa ngazi. Ngome iliyojengwa miaka mingi ikachukuliwa bila mzingiro wa maana. Rao akavuliwa, mtoto wake mdogo Deshalji akawekwa kitini na baraza la kumsimamia.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 16 Juni 1819 jioni, ardhi ikatikisika. Nyumba kama 7,000 za Bhuj zilianguka na zaidi ya watu 1,100 wakafukiwa mjini tu. Kule kwenye Rann ardhi iliinuka ukuta mrefu wa makumi ya kilomita, mahali pengine mita 6 kwenda juu, wenyeji wakauita Allah Bund, yaani tuta la Mungu, na ngome ya Sindri upande wa pili ikazama ikazungukwa na ziwa. Kwa wataalamu wa matetemeko hii ni mojawapo ya kesi za mwanzo kabisa ambapo ardhi iliyoinuka na iliyoshuka kwa tetemeko moja iliandikwa vizuri. Mwaka mmoja, ngome imechukuliwa na mji umeanguka. Mtu wa kawaida angesema Kutch imekwisha.

Haikwisha, na sababu iko huku kwetu. Kuanzia miaka ya 1830 forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mabaniani wa jamaa ya Bhatia kutoka Mundra, bandari nyingine ya Kutch. Mpango ulikuwa hivi: wanamlipa Sayyid Said kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, ushuru wanakusanya wenyewe, kinachozidi chao. Kwa hiyo pembe za ndovu, karafuu, gundi ya sandarusi, nguo, vyote vilipita mikononi mwao, na watumwa pia, tusifiche. Ladha Damji aliishika hiyo kazi kwa niaba ya nyumba hiyohiyo miaka mingi, na 1876 ikaenda kwa Tharia Topan, Khoja, naye wa Kutch, yule mwenye lile jengo la hospitali ya zamani pale Mizingani lenye varanda za mbao. Masultani walikuwa na madeni makubwa kwa watu hawa.

Sasa mwaka 1860 balozi wa Uingereza Unguja, Rigby, aliwabana Wahindi waachie watumwa, maelfu wakaachiwa. Wakachi wakajitetea kwa hoja ambayo mwanasheria yeyote angeifurahia: sisi sio raia wa Malkia, sisi ni watu wa Rao wa Kutch. Na walikuwa na haki kisheria! Kutch haikuwa sehemu ya India ya Mwingereza, ilikuwa dola ya mfalme wake iliyofungwa na mkataba tu. Mabalozi waliomfuata Rigby walivutana na hoja hiyo miaka, mpaka ikabidi waende kugonga mlango Bhuj. Mwaka 1869 Rao Pragmalji II akatoa tangazo kwa watu wake walioko Unguja, kwamba wakiendelea na biashara ya watumwa Mwingereza atawashughulikia kama raia wake mwenyewe. Januari 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipokuja kumshinikiza Sayyid Barghash, kwenye msafara wake alikuwemo Kazi Shahabuddin, waziri mkuu wa Kutch. Mkataba wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini Juni mwaka huo, na vitabu vyetu vinamsimulia Frere, Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, na manowari, waziri wa Rao akipata mstari mmoja ni bahati. Simtetei Pragmalji, baba yake Deshalji II ndiye aliyepiga marufuku kuingiza watumwa Kutch 1836 na wafanyabiashara waliendelea tu kwingine, na Pragmalji mwenyewe alihitaji Mwingereza asimkasirikie. Lakini Mwingereza aliyeichukua ngome yake kwa ngazi alilazimika kumwomba barua, kwa sababu Mkachi wa Unguja alijali neno la Rao, mkewe, nyumba na hekalu lake vilikuwa kule.

Pragmalji huyohuyo alianza 1865 kujenga Prag Mahal, jumba la mtindo wa Ulaya lenye mnara mrefu wa saa, mchoro wa Kanali Henry St Clair Wilkins, lilikamilika 1879 yeye keshafariki. Kwa ladha yangu ni zito na halina raha ya Aina Mahal lililo pembeni yake, ila watalii wanalipenda. Kutch iliendelea kupiga sarafu zake, kori, jina la mfalme wa Uingereza upande mmoja na la Rao upande wa pili, hadi za Edward VIII zipo, mfalme ambaye hata mwaka hakumaliza. Tarehe 1 Juni 1948 Maharao Madansinhji akakabidhi utawala kwa serikali ya India, na baadaye akaenda kuwa balozi wa India Norway. Ngome jeshi la India likaitumia miaka mingi.

Tetemeko la pili kubwa lilikuja 26 Januari 2001 asubuhi, sikukuu ya Jamhuri, ukubwa wa 7.7, likaua karibu watu 20,000 Kutch na jirani. Mji wa ndani ya kuta uliporomoka, Aina Mahal na Prag Mahal vikapasuka, makaburi ya kifalme ya Chhatardi yakamwagika chini, na hekalu la Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu, la karne ya 19 likaharibika kabisa. Hekalu jipya la marumaru lilifunguliwa 2010, na hapa msomaji wa Nairobi au Mombasa atacheka maana anajua hela zilikotoka: Mapatel wa vijiji vya kuzunguka Bhuj, kama Madhapar, Baladia na Kera, wale wanaoshika ujenzi na maduka ya vifaa vya ujenzi Kenya nzima, na ndugu zao wa London. Kilima nacho kimepata kazi mpya, tangu Agosti 2022 mteremko wake ni Smritivan, bustani na makumbusho ya waliokufa 2001, majina yao yameandikwa kwenye vibao kando ya mabwawa ya kuvunia maji ya mvua. Kuta za ngome zimekarabatiwa sehemu na njia ya kupanda ipo. Ukiwa na siku moja tu, asubuhi maliza Aina Mahal na makumbusho ya Kutch ukaone kori, jioni jua likipoa ndiyo upande Bhujia.