Je, wajua kwa nini korona haikuwaangamiza wenye pumu kama ilivyohofiwa?

Mapema mwaka 2020, kila mwenye pumu alikuwa na sababu ya kuogopa. Virusi vipya vilikuwa vinashambulia mapafu, na yeye mafua ya kawaida tu humbana kifua usiku kucha. Lakini taarifa za hospitali za Wuhan, China, zilipoanza kutoka, waliolazwa wengi walikuwa na shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo. Wenye pumu walikuwa wachache, kinyume cha matarajio ya madaktari.

Wengine walidhani pumu haikuandikwa vizuri kwenye mafaili. Ndipo ukaja utafiti wa OpenSAFELY wa Uingereza, uliochapishwa mwaka huohuo baada ya kupitia rekodi za watu wazima zaidi ya milioni 17. Umri na maradhi mengine yalipozingatiwa, wenye pumu ambao hawakuwa wametumia karibuni vidonge vya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa korona kuliko wasio na pumu. Kwa waliovitumia, hatari ilipanda kidogo. Vidonge hivyo kwa kawaida hutolewa pumu inapochachamaa, kwa hiyo la kuangalia zaidi ni kama pumu yako imetulia au inakusumbua.

Kwa nini iwe hivyo? Kirusi cha korona huingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho ACE2, ambacho ndicho mlango wake. Watafiti waligundua kwamba watu wenye pumu ya mzio wana milango hiyo michache kwenye seli za pua na njia za hewa. Kemikali moja ya kinga ya mwili, intaliukini-13, ambayo huchochea pumu ya aina hiyo, ndiyo inayopunguza ACE2. Wavutaji sigara wao wameonekana kuwa na ACE2 kwa wingi. Hata hivyo, si kila pumu ni ya mzio, na milango michache haimaanishi nyumba imefungwa: wenye pumu waliambukizwa, na wapo waliofariki.

Jambo la pili ni dawa, na hapa ndipo palipoumiza. Watu wengi walisikia kwamba steroidi hushusha kinga, wakaogopa inhela zao za kila siku. Wataalamu wa pumu duniani walisema tangu mwanzo: usiache. Steroidi ya kuvuta hufanya kazi yake zaidi ndani ya njia za hewa, hutuliza uvimbe, na imehusishwa na upungufu wa ACE2. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, STOIC na PRINCIPLE, yaliyowapa inhela ya budesonidi, ambayo ni steroidi ya kuvuta, watu waliougua korona wakiwa bado nyumbani. Katika PRINCIPLE, wagonjwa wenye umri mkubwa walipona takriban siku tatu mapema. Dawa iliyoogopwa ikawa inajaribiwa kama tiba!

Kwetu Afrika Mashariki tatizo ni jingine. Wagonjwa wengi wana inhela ya bluu peke yake, yaani salbutamoli. Hiyo hufungua njia za hewa kwa saa chache, lakini haitulizi uvimbe ulio chini yake. Anayeihitaji karibu kila siku pumu yake haijadhibitiwa, hata kama anajiona amezoea, na anapaswa kumwuliza daktari kuhusu inhela yenye steroidi. Kujifukiza nako, kulikoenea sana Tanzania wakati wa korona, kunaweza kumbana kifua mwenye pumu kwa ule mvuke na harufu kali ya majani.

Homa, maumivu ya mwili au kupoteza uwezo wa kunusa huashiria maambukizi kuliko pumu pekee. Pima, na endelea na dawa zako. Lakini ukivuta inhela ya bluu na nafuu isije au isidumu, ukashindwa kumaliza sentensi bila kuhema, au midomo ikabadilika rangi, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe ni korona au siyo.