Pikseli iliyokufa: kasoro kwako, si kasoro kwa kiwanda

Hapa Kisumu kazi yangu kubwa ni vijitabu vya mazishi. Familia inaleta picha ya marehemu Jumatano, Alhamisi jioni inataka nakala mia tatu, maana Ijumaa mwili unatoka mochari. Wiki ya kwanza ya monita yangu mpya nilikuwa nasafisha picha ya mzee mmoja aliyevaa koti jeusi, nikaona kitone cha kijani begani mwake. Nikakifuta, kikabaki. Nikakuza picha, bega likawa kubwa, kitone kikabaki na udogo wake uleule. Nilipoisogeza picha kulia, bega likaenda zake na kitone kikabaki palepale. Hapo nikajua koti halina shida. Shida iko kwenye kioo, kioo nilichokilipia zaidi ya elfu hamsini.

Kitu hicho wengi wanakiita pikseli iliyokufa. Yangu lakini haikuwa imekufa. Ilikuwa imeganda, na kati ya hayo mawili kuna pesa.

Monita ya 4K ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, jumla 8,294,400. Kwenye kioo cha LCD, kila pikseli ni vidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na nyuma yake kuna taa nyeupe inayowaka muda wote. Kila kidirisha kina transista yake ya kukifungua na kukifunga. Piga hesabu: karibu vidirisha milioni 25 vimepangwa kwenye kioo kimoja cha mezani. Kidirisha kikikwama wazi, utaona nukta ya rangi hata skrini ikiwa nyeusi tititi. Hiyo ndiyo iliyoganda. Vyote vitatu vikigoma kufunguka, utaona nukta nyeusi hata skrini ikiwa nyeupe. Hiyo ndiyo iliyokufa.

Iliyoganda wakati mwingine huzinduka ukiichezeshea video ya rangi zinazobadilika haraka haraka kwa saa kadhaa. Yangu niliichezeshea usiku kucha, na asubuhi bado ilikuwa inaning'alia kijani vilevile. Iliyokufa mara nyingi haifufuki. Wapo mafundi wanaokanda kioo kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Mimi sikushauri, kwa sababu unaweza kuua na majirani zake, na hakuna waranti inayolipia kioo kilichobonyezwa.

Nilirudi dukani na risiti yangu. Kijana wa kaunta akaiangalia nukta, akasogea karibu, akainama, akasema, “Ni moja tu, omera. Hiyo ni kawaida.” Nilikasirika sana. Nilitoka pale nikiamini nimeibiwa mchana kweupe. Ni baada ya kukaa na ile karatasi ya waranti, yenye maandishi ya sisimizi, ndipo nilipoona kwamba kijana hakunidanganya.

Kiwanda kina hesabu yake ya kasoro. Mwaka 2001 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango namba 13406-2, kilichogawa vioo kwa madaraja. Daraja la kwanza halikuruhusu pikseli mbovu hata moja. Daraja la pili, ambalo monita nyingi za kawaida zimeuzwa kwalo, liliruhusu kwa kila pikseli milioni moja: mbili zinazowaka daima, mbili zilizozima daima, na vidirisha vitano vilivyokwama kimoja kimoja. Mwaka 2008 kiwango hicho kiliondolewa, mahali pake pakashikwa na mfululizo wa ISO 9241, lakini wazo la madaraja limebaki. Sasa zidisha namba hizo za daraja la pili kwa milioni nane na kitu za 4K. Unapata kama nukta 16 zinazowaka, 16 zilizozima na vidirisha 41 vilivyokwama, na kioo bado kinahesabiwa kizima. Kitone changu kimoja hakikufika hata mlangoni.

Sababu yao nayo si ya kubuni. Vioo hukatwa kutoka kwenye bamba kubwa moja, na chembe moja ya vumbi wakati transista zinachorwa inatosha kuharibu kidirisha. Wangetupa kila kioo chenye nukta moja, sote tungelipa zaidi. Ila mteja haambiwi hayo wakati anahesabu noti, anaambiwa “mpya kutoka boksi.” Hapo ndipo ninapogombana nao.

Kuna kampuni ambazo kwa monita zao za bei ya juu huahidi kubadilisha hata kwa pikseli moja, lakini soma vizuri: mara nyingi wanasema moja inayowaka. Iliyokufa, nyeusi, inabaki kwenye hesabu ya zamani. Ndiyo maana ukienda kulalamika na kusema “imekufa” wakati imeganda, unaweza kujinyima haki yako kwa mdomo wako mwenyewe.

Kasoro nyingine haina hata namba ya kuhesabu, nayo ni kuvuja kwa mwanga. Ile taa ya nyuma hupenya kwenye kingo za kioo, hasa kwenye kona, na ukifungua picha nyeusi gizani unaona mawingu meupe au ya manjano. Vioo vya LCD vya aina ya IPS vina kitu kinachofanana na hicho lakini si ugonjwa: ni mng'ao wa kawaida wa kioo chenyewe. Kuzitenganisha ni rahisi. Zima taa ya chumba, weka picha nyeusi, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia. Wingu likihama au likififia kadiri unavyosogea, huo ni mng'ao. Likikaa palepale, mwanga unavuja. Usikimbilie kupiga picha kwa simu, kwa sababu gizani kamera huongeza mwanga yenyewe na kufanya kioo kizuri kionekane kama kinaungua. Punguza mwanga wa kamera mpaka picha ilingane na jicho lako, la sivyo muuzaji atakuonyesha hilo hilo na kukushinda.

Vioo vya OLED, ambavyo kila pikseli hujiwakia yenyewe, havina taa ya nyuma, kwa hiyo havivuji. Vyenyewe huachwa na kovu la picha iliyokaa muda mrefu, na kwa mtu anayefungua programu ileile mwaka mzima hilo ni la kufikiria.

Na sheria? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari za kutosha kuzihusu. Mahakama ya madai madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini sheria ya uuzaji wa bidhaa ina mtego: ukikagua bidhaa kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua huwezi kuidai baadaye. Kwa nukta moja mimi singeenda mahakamani. Kwa wingu la mwanga la upana wa kiganja, ningefikiria.

Siku hizi ninatembea na flashi yenye picha tano: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Naomba ichomekwe hapo hapo kaunta, na kabla ya kulipa nauliza mambo mawili yaandikwe kwenye risiti: siku ngapi za kurudisha, na pikseli ngapi ndizo kasoro kwao. Swali la pili huwafanya wamwite mwenye duka.

Monita yenyewe sikuirudisha. Kitone kilikuwa karibu sentimita moja kutoka ukingo wa kushoto, na stendi yake inazunguka. Nikaisimamisha wima, ukingo wa kushoto ukawa chini, na kitone kikaangukia kwenye ule mstari wa programu zilizofunguliwa. Kurasa za vijitabu vya mazishi ni za wima pia.