Ghani kwa lugha yako, na Kipali usikitupe

Wiki hii nimeulizwa tena kama kughani kwa Kiswahili kunafaa. Safari hii ni mtu ambaye kwa miezi minne alighani kimbilio tatu (Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa) na kanuni tano za mwenendo kila alfajiri kwa Kiswahili, kisha akaambiwa na mwenzake mwenye mazoea marefu kuliko yeye kwamba hiyo haihesabiki. Nguvu imo katika Kipali, lugha ya kale ya India iliyohifadhi maandiko ya Kibuddha, aliambiwa, kwa sababu ndicho alichosema Buddha kwa kinywa chake, sauti kwa sauti. Akaacha. Hakuhamia Kipali, aliacha kughani kabisa. Ndiyo maana naandika nikiwa na hasira kidogo. Imani hii haimpi mtu Kipali, inamnyang'anya alfajiri yake.

Tuanze na hicho kinywa. Buddha alitembea na kufundisha katika falme za Magadha na Kosala, na lahaja za mashariki mwa India ya kale zilikuwa na alama zake. Maandishi ya mfalme Ashoka, yaliyochongwa kwenye mawe katika karne ya 3 kabla ya Kristo, yanatuonyesha: mashariki wanaandika lāja pale ambapo Kipali kina rāja, na nomino nyingi zinazoishia kwa -o katika Kipali, kule zinaishia kwa -e. Kipali cha Tipitaka, yaani mkusanyo wa maandiko hayo, kina sura ya magharibi zaidi, ingawa vipande vya kimashariki vimesalia humo. Ni ndugu wa damu wa lugha aliyoisema Buddha, na kwa ajili hiyo nakiheshimu. Lakini si sauti yake iliyonaswa. Maneno hayo yalibebwa vifuani kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo.

Halafu kuna kisa cha Cullavagga, sehemu ya vitabu vya sheria za watawa, ambacho kila upande hukitumia kama rungu. Watawa wawili ndugu, Wabrahmini kwa kuzaliwa na wenye matamshi mazuri, wanamlalamikia Buddha kwamba watawa wa koo na matabaka mbalimbali wanayaharibu maneno yake sakāya niruttiyā. Wanaomba ruhusa ya kuyaweka katika chandaso, yaani mtindo wa Veda, maandiko matakatifu ya Wabrahmini. Buddha anawakemea, anakataza, kisha anasema: nawaruhusu mjifunze maneno ya Buddha sakāya niruttiyā. Kiswahili kinaweza kuubeba utata wa maneno hayo mawili bila kuumwaga: “kwa lugha ya mwenyewe”. Mwenyewe nani? Mfafanuzi Buddhaghosa, katika karne ya 5, alijibu kwamba ni Buddha mwenyewe, yaani lugha ni Kimagadhi, ambacho kwake ndicho Kipali. Wasomi wengi wa sasa wanajibu kwamba ni yule anayejifunza.

Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu imo ndani ya kisa chenyewe. Maneno yaleyale yametumika mara mbili katika mistari michache. Kwenye malalamiko, watawa wanayaharibu mafundisho kwa lugha ya mwenyewe. Kama “mwenyewe” ni Buddha, basi ndugu wale walikuwa wanalalamika kwamba watu wanaharibu maneno ya Buddha kwa kuyasema katika lugha ya Buddha. Haiingii akilini.

Hata hivyo, sitaki kukifanya kisa hiki kiseme zaidi ya kinavyosema. Lahaja za zama zile zilikuwa karibu karibu. Inawezekana kabisa kwamba kilichoruhusiwa kilikuwa lafudhi na umbo la lahaja, wala hakuna aliyewazia kuhamisha sutta, yaani hotuba za Buddha, kutoka familia moja ya lugha hadi nyingine, kama tunavyofanya tunapoziingiza katika Kiswahili. Jambo hili hunisumbua. Hoja yangu ingekuwa nyepesi kuitetea kama lisingekuwapo.

Kuhusu sauti nitapita haraka, kwa sababu hapa ushahidi unasikika kwa masikio. Msikilize mtawa wa Myanmar akighani salamu ya Namo tassa Bhagavato, yaani heshima kwake Mtukufu: tassa inatoka tattha, kwa th ya thelathini. Msikilize wa Thailand: Bhagavato inatoka Phakhawato, na Buddha inakuwa Phuttha. Watibeti husema Om mani peme hung ambapo Kisanskriti kina padme, na vajra yao ni benza. Gate gate ya Sutra ya Moyo (sutra ni sutta kwa Kisanskriti), Wajapani huighani gyatei gyatei. Na hiyo Sutra ya Moyo yenyewe: mwaka 1992 msomi Jan Nattier alitoa hoja kwamba ilitungwa kwa Kichina kwanza, kisha ikageuzwa kuwa Kisanskriti. Hoja hiyo bado inabishaniwa, lakini anayetaka “lugha asilia” ya sutra hiyo aanze kwa kuamua ni ipi. Namu Myōhō Renge Kyō, ghani maarufu ya Wajapani, nayo ni neno la Kisanskriti, likifuatiwa na jina la Kichina la Sutra ya Lotasi, lililotoka katika tafsiri ya mtawa Kumarajiva ya mwaka 406, yote yakisomwa Kijapani. Kama nguvu imefungwa ndani ya sauti moja kamili, sijui mamilioni haya ya watu wamekuwa wakighani nini.

Ipo sehemu moja ambapo matamshi yana uzito wa sheria, na ni haki kuitaja: kuingia utawa. Samanera, yaani mtawa mwanafunzi, hupokea kimbilio tatu, na wafafanuzi wa zamani walishikilia kwamba anayetoa na anayepokea lazima wote wawili watamke sawasawa. Ndiyo maana kwingine maneno hurudiwa kwa namna mbili, mara Buddhaṃ kwa sauti ya puani, mara Buddham kwa midomo iliyofungwa, ili mojawapo isikose kuwa sahihi. Hilo ni tendo la kisheria la Sangha, jumuiya ya watawa. Wewe uliyekaa chumbani kwako kabla ya jua kuchomoza huapishwi.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, kwa sababu wanaotetea Kiswahili nao wanaharibu. Kanuni ya kwanza kwa Kipali ni hii: Pāṇātipātā veramaṇī sikkhāpadaṃ samādiyāmi. Mara ngapi nimeiona imefasiriwa “Usiue”! Hakuna “usi-” pale. Hakuna anayekuamuru. Kitenzi ni samādiyāmi, nafsi ya kwanza, mimi ndiye ninayeshika. Sikkhāpada ni hatua ya mafunzo, na veramaṇī ni kujiepusha. Ukighani “Usiue”, umemweka mtu mwingine juu yako anayekuagiza, na siku utakapoteleza utajiona umeasi, wakati kwa hakika wewe ni mwanafunzi aliyekosea zoezi na kesho atalishika tena. Mimi hughani: “Nashika zoezi la kujiepusha na kuua viumbe hai.” Kitenzi kushika tunacho tayari, mtu hushika dini, hushika ahadi. Kwa nini tukiache tuazime sauti ya amri?

Kimbilio ni gumu zaidi. Buddhaṃ saraṇaṃ gacchāmi: gacchāmi ni ninakwenda. Kiswahili kinatupa kimbilio, na ndani yake kuna mbio na hofu. Kipali kinakwenda kwa miguu. Nimejaribu “Namwendea Buddha awe kimbilio langu”, na ndiyo ninayotumia, ingawa bado neno moja linatembea na jingine linakimbia. Na dukkha, jina la uchungu na upungufu ulio ndani ya maisha yote, nimeshindwa. Mateso ni zito mno, shida ni jepesi mno, dhiki linakaribia lakini haligusi raha inayopita, ambayo nayo ni dukkha. Naliacha kama lilivyo.

Kwa anayeghani Kipali, sikiliza haya machache, maana maandishi ya Kilatini humdanganya msomaji wa Kiswahili. Dh ya dhamma si dh ya dhahabu. Ni d inayofuatwa na pumzi. Th ya thera si ya thelathini, ni t yenye pumzi. Wasemaji wa Kimvita wana faida hapa, kwa sababu wanatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi hiyohiyo. C ni ch yetu. Ṃ ya mwisho ni ng' ya ng'ombe. Konsonanti mbili zishikilie: tassa yenye s moja ni tasa, na hilo ni neno jingine kabisa. Zaidi ya yote, acha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Katika bhagavato ulimi wetu hukimbilia kuiangukia -va-, na hiyo ni silabi fupi. Kipali hupima urefu, hakipigi mkazo.

Mizani ndiyo sababu ya kweli ya kutokitupa Kipali. Beti nyingi za Dhammapada, mkusanyo wa beti za mafundisho ya Buddha, zina silabi 8 kwa kipande, sawa na utenzi. Na hi verena verāni, hesabu: 8. Nilipoligundua hilo nilikaa jioni nzima na ubeti wa 5:

Chuki kwa chuki, hakika,
Kamwe haitafutika,
Bila chuki hufutika,
Ndiyo kanuni ya kale.

Unaingia kifuani upesi, lakini una deni. “Hakika” nimeiingiza kujaza mizani na kina. Na averena ni pana kuliko “bila chuki”. Kila unapopata wimbo unapoteza punje ya maana, na tafsiri sahihi za mjazo ambazo nimewahi kuandika hakuna hata moja ninayoikumbuka bila karatasi. Sutta zilitungwa zikaririwe. Tafsiri isiyokaririka imepoteza kitu kikubwa, hata kama kila neno liko mahali pake.

Nikiri pia kwamba Karaṇīya Mettā, ghani ya kuwatakia mema viumbe wote, hunituliza kwa Kipali haraka kuliko kwa lugha ninayoiota. Labda ni miaka ya kurudia tu. Labda neno nisilolielewa papo hapo halinipi nafasi ya kubishana nalo. Nashuku kwamba sehemu ya utulivu huo ni kukwepa, kwa hiyo mara kwa mara hujilazimisha kusema: “Wawe na raha, wawe salama, viumbe wote wawe na raha nafsini,” na kumtaja moyoni mtu nisiyempenda. Hapo moyo hautulii upesi hivyo.

Yule aliyeacha nilimjibu hivi: Namo tassa mara tatu kwa Kipali, polepole. Kimbilio kwa kupokezana, mstari wa Kipali, mstari wa Kiswahili. Kanuni tano kwa Kiswahili peke yake, kwa “nashika”. Ubeti mmoja wa Dhammapada kwa lugha yoyote utakayoikariri. Jana usiku aliniandikia kwamba amerudi, na kwamba alipofika kanuni ya nne, ya kujiepusha na uongo, alinyamaza muda mrefu kabla ya kuimaliza, kwa sababu ya jambo alilomwambia dada yake juzi.